Kigali Jumapili: Pogačar anazuilika? Uzi wa sisi wa Kanda ya Ziwa

Mwanakisesa (mwanzisha uzi)
Jumatatu, 22 Septemba 2025

Mwangaluka, wakuu.

Nilitaka kufungua uzi huu Jumamosi, lakini baada ya kilichotokea jana siwezi kungoja. Kwa wasiofuatilia: mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yanafanyika Kigali wiki hii. Ni mara ya kwanza kwa mashindano haya kuja Afrika tangu yaanzishwe, na yamekuja kwa jirani yetu kabisa. Mbio kubwa ya wanaume ni Jumapili hii, tarehe 28.

Kila ninayeongea naye anasema Tadej Pogačar keshachukua, tunaenda kumwangalia anavishwa jezi tu. Nawaelewa. Huyu Mslovenia ana Tour de France nne: 2020, 2021, 2024 na hii ya Julai mwaka huu, aliyoshinda kwa dakika 4 na sekunde 24 mbele ya Jonas Vingegaard. Ndiye bingwa wa dunia mtetezi. Mwaka jana kule Zurich aliondoka zikiwa zimebaki kilomita 100, watu wakasema amechanganyikiwa, na kilomita 51 za mwisho akaziendesha peke yake mpaka mstarini. Mwaka huohuo alikuwa ameshabeba Giro d'Italia, mbio kubwa ya Italia, na Tour. Kuzibeba zote tatu ndani ya mwaka mmoja, kabla yake waliweza wawili tu, Eddy Merckx mwaka 1974 na Stephen Roche mwaka 1987.

Halafu angalieni ambao hawapo. Vingegaard ametoka kushinda Vuelta, mbio kubwa ya Hispania, juzijuzi na Kigali haji. Mathieu van der Poel hayupo. Wout van Aert hayupo. Wale ambao ukimuuliza shabiki yeyote nani anaweza kumsumbua Pogačar angewataja kwanza, wako kwao.

Lakini jana, wakuu! Mbio ya mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, kilomita 40.6. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alianza dakika mbili na nusu nyuma ya Pogačar. Kwenye mbio za namna hii kila mtu yuko peke yake na saa yake, humwoni mpinzani, huna wa kukukinga upepo. Walipofika mlima wa Kimihurura, ule wa mawe, karibu kabisa na mwisho, Remco alimkuta. Akampita. Nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona Pogačar akipitwa hivyo, tena mlimani, tena na mtu aliyeanza nyuma yake. Alimaliza wa nne, medali ya shaba ikamponyoka kwa sekunde moja tu.

Kwa hiyo naiweka mezani. Jumapili ni kilomita 267.5. Je, anazuilika? Mimi nasema anazuilika, ila kwa njia moja tu, nayo nitaieleza. Leteni hoja.

---

Kirumba Mwaloni

Mkuu, hongera kwa uzi, lakini mimi uniondoe. Nimefuatilia huu mchezo tangu enzi za ubishi wa kweli. Sasa hivi nikiwasha naona jamaa yuko peke yake mbele, nyuma wanagombania nafasi ya pili, na zimebaki kilomita 60. Hata ukimweka kwenye mkeka haikupi kitu. Mpira ni bora, Jumapili mtu wa mkiani anaweza kumfunga wa kwanza.

---

Mwanakisesa

Kaka, nakuheshimu, lakini mwaka huuhuu ameshapigwa mara kadhaa na zote zilikuwa tamu. Milano-Sanremo van der Poel alimshinda. Paris-Roubaix alikosea kona akaanguka, van der Poel tena akaondoka. Amstel Gold aliondoka peke yake kama kawaida yake, wote tukajua imeisha, Remco na Mattias Skjelmose wa Denmark wakamfukuza wakamkamata, na mwishoni Skjelmose akamshinda kwa kasi ya mita za mwisho. Na juzi Montréal mwenzake wa timu, Brandon McNulty, ndiye aliyetangulia kuvuka mstari.

Mtu akiwa mkubwa hivi, kila siku anayopigwa inabaki kwenye historia. Wa kawaida akishindwa nani atakumbuka?

---

Fundi Spoki, Igoma

Nimekuja. Mniruhusu niongelee njia, maana wengi wanaongelea watu na kusahau barabara.

Kwanza kimo. Kigali iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na kuna sehemu wanapanda zaidi ya hapo. Ziwa letu liko mita 1,134. Wazungu wengi wanaishi na kufanyia mazoezi chini, wanapanda milimani kwa wiki chache halafu wanashuka. Hewa ya Kigali ni nyepesi. Mwili unapata oksijeni pungufu kila pumzi, na pengo hilo hulisikii saa ya kwanza, unalisikia saa ya tano. Anayejilazimisha kufuata kila shambulio mapema, analipa baadaye.

Pili mzunguko wenyewe. Kuna mduara wa kilomita 15.1 wenye vilima viwili: Kigali Golf, mita 800 zenye mwinuko wa asilimia 8, halafu Kimihurura, kilomita 1.3 ya mawe. Ukivitazama kimoja kimoja ni vya kawaida. Ila wanazunguka mara 9. Halafu wanatoka nje ya mduara kwenda kupanda Mont Kigali, kilomita karibu 6 za asilimia 6.9, wakishuka huko wanakutana na ule ukuta ambao Wanyarwanda wanauita Kwa Mutwe, mita 400 za mawe zenye asilimia 11. Wakimaliza wanarudi kwenye mduara kuzunguka mara 6 nyingine. Jumlisha miinuko yote unapata mita 5,475. Kilimanjaro ina 5,895 kutoka baharini.

Mnaopakia mkaa mnanielewa. Mtu anayetoka Kisesa na magunia mawili, chuma kimechomelewa nyuma ya kariya, anaijua baiskeli inavyomgeuka baada ya kilima cha nne. Cha kwanza unapanda kwa mapaja, cha pili kwa mapaja, cha tatu unaanza kuvuta usukani kwa mikono, cha nne mgongo. Hakuna kilima kirefu hata kimoja kati ya hivyo. Vinakuua kwa idadi. Mimi naona wengi watashuka kwenye baiskeli Jumapili kabla ya mwisho, na kwa mbio hii hakuna aibu.

Kwa njia kama hiyo, mwenye miguu bora ndiye anayeshinda. Bahati ina nafasi ndogo sana. Ndiyo maana nampa Pogačar.

---

Mwalimu wa Geita

Fundi, umemaliza. Nyongeza moja tu: kwenye mashindano ya dunia hawaruhusiwi kuwa na redio masikioni. Kule Tour de France mkurugenzi wa timu yuko ndani ya gari anakuambia fulani ametoka, pengo ni sekunde hizi, fukuza au acha. Kigali unategemea macho, mbao za pikipiki zinazoonyesha pengo, na akili yako. Hapo ndipo taifa kubwa linaweza kuvurugwa.

---

Mwanakisesa

Sasa na mimi niseme njia yangu niliyoahidi.

Turudi Julai 2022, Ufaransa. Pogačar alikuwa na jezi ya njano ya anayeongoza, anacheka, anaonekana hana mpinzani. Siku ya mlima Granon, Jumbo, timu ya Vingegaard na Roglič, ikaamua kitu kimoja: hatumngojei mlima wa mwisho. Kwenye mlima wa Galibier, mbali kabisa na mwisho, Primož Roglič anaondoka, Pogačar anafukuza. Akimkamata, Vingegaard anaondoka, anafukuza. Roglič tena. Vingegaard tena. Yeye kila mara anajibu mwenyewe, na anajibu akiwa na nguvu, na ukiangalia siku ile unaona kama wao ndio wanapoteza muda. Walipofika Granon, Vingegaard akapiga mara moja tu. Jamaa akafungua zipu ya jezi, akabaki. Alipoteza dakika 2 na sekunde 51 siku moja, na Tour ikaondoka.

Kwa hiyo huyu mtu udhaifu wake ni kwamba hapendi kuacha mtu aondoke. Anafukuza mwenyewe. Ukiwa na watu wawili watatu wenye hadhi ambao hawezi kuwapuuza, na wote wako tayari mmoja wao apoteze ili mwingine ashinde, anachoka kama binadamu yeyote. Ubelgiji wakimwacha Remco atulie na wengine washambulie kuanzia mzunguko wa sita, wa saba; Denmark wakamtuma mtu; Waingereza wakamtuma Tom Pidcock; Ben Healy wa Ireland huyo hata hahitaji kuambiwa, kazi yake ni kutoroka. Ifikapo Mont Kigali awe ameshafukuza mara kumi.

Wakisubiri Mont Kigali wakiwa wamepumzika wote pamoja, imekwisha. Ataondoka pale pale, na tutaangalia mtu mmoja kwa saa mbili na nusu. Hapo nakubaliana na kaka wa Kirumba.

---

Nyegezi Stendi

Swali la mgeni, msinicheke. Kwa nini wenzake wasimfukuze tu wote kwa pamoja, wao wengi yeye mmoja?

---

Mwalimu wa Geita

Swali zuri sana, ndugu, na ndilo moyo wa mchezo wenyewe. Anayeendesha mbele anapasua upepo. Aliye nyuma yake anajikinga, anatumia nguvu pungufu kwa mwendo uleule. Sasa watu watano wanamfukuza mmoja. Kila mmoja anawaza: nikivuta sana, nitawafikisha hawa wanne nikiwa nimechoka, halafu wao watanishinda. Basi anapunguza kidogo. Mwenzake naye anapunguza. Yule wa mbele hana wa kumtegea, anaenda tu. Ndiyo maana mmoja anawashinda watano.

Na kuna lingine. Hapa wanavaa jezi za nchi, lakini mwaka mzima wanalipwa na timu za biashara. Isaac del Toro wa Mexico, Juan Ayuso wa Hispania, Jay Vine wa Australia aliyechukua medali ya fedha jana, Pavel Sivakov wa Ufaransa: hawa wote ni wa timu moja na Pogačar, UAE. Ayuso ndiyo anaihama, lakini wengine Januari watakuwa naye kambini. Simtuhumu mtu. Ninachosema ni kwamba Pogačar akitoroka halafu nyuma kukawa na del Toro na Ayuso, utawaangalia kwa makini kuona nani anavuta na nani anakaa.

---

Mama Bwiru

Wanangu, habari za jioni. Nimesoma uzi wote na hakuna aliyetaja mbio ya wanawake, na ni Jumamosi, siku moja kabla. Mduara ni uleule, ila bila Mont Kigali, kilomita 164.6. Mimi namfuatilia Kim Le Court wa Mauritius, Mwafrika mwenzetu, aliyeshinda mbio ya Liège mwaka huu na kuvaa jezi ya njano kwenye Tour ya wanawake. Wengine wanampa Demi Vollering, wengine Pauline Ferrand-Prévot. Mtakaoangalia Jumapili anzeni Jumamosi, mtajifunza njia.

---

Mwanakisesa

Mama, shikamoo. Umesema kweli, Jumamosi tutakuwepo.

---

Sengerema Kwetu

Kuna anayekwenda? Mimi na vijana wawili tunaondoka Ijumaa alfajiri. Kwa wanaofikiria: Usagara, Daraja la Kigongo–Busisi, Sengerema, Geita, Bwanga, Biharamulo, Lusahunga, Benaco, Rusumo. Ukivuka Rusumo uko Rwanda, unabadilisha upande wa barabara. Daraja lilifunguliwa Juni, kilomita 3 juu ya maji, unapita dakika chache. Wale tuliokuwa tunalala foleni ya pantoni ndio tunajua maana yake.

Asiye na pasipoti aende Uhamiaji kuomba hati ya dharura ya kusafiria mapema, asisubiri Alhamisi. Na kumbukeni barabara nyingi za Kigali zimefungwa kwa ajili ya mashindano, shule zimefungwa wiki nzima, kwa hiyo pangeni kutembea kwa miguu. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja.

Nimepanga kusimama Kimihurura. Watapita pale mara 15. Kwenye Tour unasimama mlimani siku nzima unawaona sekunde 30, wamekwenda.

---

Usagara Njia Panda

Wakuu, nasoma kwa furaha lakini kuna kitu kinaniuma na nitakisema.

Slovenia nzima ina watu milioni 2 na kidogo. Mkoa wetu wa Mwanza peke yake, sensa ya 2022, ni karibu milioni 3.7. Slovenia imetoa Pogačar na Roglič. Eritrea, nchi ndogo na yenye shida zake nyingi, imetoa Biniam Girmay: mwaka jana alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Rwanda, Valens Ndayisenga alishinda Tour du Rwanda mwaka 2014 na 2016, watu wakajaa barabarani kila kijiji, na leo dunia nzima iko kwao.

Na sisi? Usukumani baiskeli ni ndugu wa damu. Shinyanga baiskeli ya abiria ndiyo iliyoitwa daladala. Kuna vijana hapa Usagara wanaobeba madumu sita ya maziwa kwenda mjini na kurudi kabla jua halijapanda. Miguu ipo. Mbio za baiskeli zimefanyika hapa kanda ya ziwa, nimewahi kusimama barabarani kuwashangilia watu wa Shinyanga na Simiyu wakija kwa Phoenix zilizovuliwa madigadi. Kinachokosekana ni baiskeli ya kisasa, na mtu wa kumchukua kijana wa miaka 15 na kumfuata mpaka afike 20. Baiskeli moja ya hawa wa Jumapili unanunua bajaji na chenji inabaki.

Girmay hakuanguka kutoka mbinguni. Asmara wana mbio mitaani tangu enzi za Waitaliano, na kuna vilabu, na wazee walioshindana zamani wanawafundisha wajukuu.

---

Fundi Spoki, Igoma

Usagara, umenigusa. Karakana yangu iko wazi kwa kijana yeyote wa Igoma, Kisesa au Nyamhongolo anayetaka kujifunza kutengeneza gia na kupangilia rimu. Silipishi. Nina fremu mbili za chuma za baiskeli ya mbio, kuukuu lakini zimenyooka. Mtakaokwenda Kigali, kama kuna mafundi wanauza sprocket na minyororo iliyotumika, niulizieni bei.

---

Sengerema Kwetu

Nimelipokea, fundi. Nitakuulizia.

---

Kirumba Mwaloni
Jumamosi, 27 Septemba, jioni

Nimerudi, na nimerudi kwa sababu ya wanawake. Mama Bwiru nakushukuru.

Mmeona? Vollering yupo, Ferrand-Prévot yupo, Marlen Reusser bingwa wa dhidi ya saa yupo. Wakatazamana. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Kundi dogo likaondoka, na humo alikuwemo Magdeleine Vallieres wa Canada, ambaye mimi nakiri hata jina sikulijua asubuhi. Mzunguko wa mwisho akawaacha wenzake kwenye kupanda. Bingwa wa dunia! Niamh Fisher-Black wa New Zealand wa pili, Mavi García wa Hispania wa tatu. Waliotajwa wote wiki nzima hakuna hata mmoja kwenye jukwaa.

Kwa hiyo kesho naangalia.

---

Mwanakisesa

Karibu nyumbani, kaka! Umeona sasa kwa nini nilikuwa napiga kelele.

Ila tusidanganyane, kesho ni tofauti kidogo. Leo waliotajwa walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na wa kumtegea. Kesho anayetajwa ni mmoja na hasubiri mtu. Pogačar akiona kundi la watu kumi limeondoka dakika mbili, hatatazamana na mtu, ataenda kulichukua mwenyewe. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo hiyohiyo ninayotaka aitumie mapema mno.

Na ana deni. Jumapili iliyopita amepitwa mbele ya dunia nzima na Remco. Remco naye anajua kwamba akifika naye mwisho kwa mwendo wa sawasawa, ana nafasi. Ni bingwa wa dunia wa 2022, ana dhahabu mbili za Olimpiki ya Paris, hatetemeki.

Utabiri wangu, nauandika ili msije mkasema nilijificha: Pogačar atashambulia Mont Kigali. Wakiwa wameshamchosha kabla ya hapo, Remco anashinda. Wakiwa hawajamgusa, jezi ya upinde wa mvua, ya bingwa wa dunia, inabaki Slovenia, na pengo litakuwa zaidi ya dakika moja. Moyo wangu unataka la kwanza. Akili inaniambia la pili.

---

Mwalimu wa Geita

Nami Pogačar, Remco wa pili, Healy wa tatu.

---

Mama Bwiru

Skjelmose. Alishamshinda Aprili, anajua inawezekana.

---

Sengerema Kwetu

Niko Kigali, wakuu. Leo nimesimama Kimihurura tangu asubuhi. Kwenye televisheni mwinuko ule hauonekani ulivyo, simameni chini yake muutazame. Wakina mama wa hapa wamekuja na watoto mgongoni, wanapiga masufuria kila anapopita mtu, awe wa kwanza au wa mwisho. Msichana mmoja wa Kiafrika, amebaki peke yake nyuma ya wote, alishangiliwa kuliko waliokuwa mbele. Sauti yangu imekwisha na kazi yenyewe ni kesho.

---

Nyegezi Stendi

Wanaanza saa ngapi kwa saa zetu? Na wa mjini tunakutana wapi?

---

Mwanakisesa

Kigali saa tatu na dakika 45 asubuhi, kwetu saa nne na dakika 45. Itakwenda mpaka saa kumi na moja hivi jioni, kwa hiyo wekeni bando la kutosha na mle kwanza. Fundi Spoki ametoa karakana yake Igoma, kuna skrini na viti. Wa Nyegezi panda za Buhongwa–Igoma. Anayeweza aje na maji ya kunywa. Mont Kigali itakuwa kama saa nane mchana, wakati huo asitoke mtu.